Picha ya Posa na Ngamia Aliyetoka Vizuri

Leo heshima yangu imeliwa na ngamia. Imeliwa saa nne asubuhi, mbele ya mama yangu, mjomba wangu na simu iliyowekwa spika. Wenzangu wa ile shule ya usiku, nawaandikia mapema kabla hamjayasikia kwa watu wabaya.

Mnajua nimenunua kamera mpya. (Kama hujui, basi ni wewe peke yako Garissa nzima.) Ni hizi za kisasa, hazina kile kioo cha ndani kinachoruka na kulia "kacha" ukipiga. Nyepesi. Kimya. Ilikuja jana na basi la Nairobi, nikalala nayo kitandani, mimi nikabanwa ukutani. Kijitabu cha maelezo sikukifungua. Mtu aliyefaulu Jiografia kwa mwanga wa kandili hafundishwi kitufe.

Jana hiyohiyo niliijaribu kwa mbuzi wa mama. Nikapekua menyu, nikakuta mahali pa kuchagua kamera itafute macho ya nani: mtu, mnyama au ndege. Nikachagua mnyama. Wallahi, mraba mdogo wa kijani ulinasa kwenye jicho la mbuzi, na mbuzi akikimbia, nao unakimbia naye. Nilifurahi hadi nikasahau kurudisha kwa mtu. Wekeni alama hapo.

Leo asubuhi akaja Abti Dakane. Abti kwetu ni mjomba; huyu ni kaka wa mama yangu. Mkewe alifariki miaka mitano iliyopita, na tangu hapo huja kwetu kila asubuhi, husema hana njaa, kisha hula kuliko sisi sote. Sasa kuna mama mmoja kule Mandera, anaitwa Habiba, naye alifiwa na mume. Wazee wameshazungumza, wameelewana. Amebaki Habiba mwenyewe, naye ametaka jambo moja tu: auone uso wa mtu kwanza. Tena kuna mwingine anayemposa, mwenye duka la vitambaa, ambaye picha yake ilifika tangu Jumatatu.

Picha pekee ya Abti ni ile ya kitambulisho. Ukiitazama, mkono wako wenyewe unapapasa mfuko kuona kama simu bado ipo.

"Waryaa, we Bishar," akaniambia, "hiyo kamera yako inaweza kunipunguzia umri?"

"Abti, hii itakurudisha darasa la pili."

(Tulikuwa tunaongea Kisomali. Nawatafsiria bure.)

Alikuwa amejiandaa. Ndevu zimepakwa hina hadi zinawaka, shati jeupe, kikoi kipya ambacho bado kina mikunjo ya dukani. Tukaenda kwenye boma lake nje ya mji, upande wa barabara ya Liboi. Na ni mimi, kwa kinywa changu hiki, niliyesema: "Tumtoe Malab asimame nawe, waone si mtu wa mikono mitupu." Malab ni ngamia wake jike, anayempenda kuliko ndugu wengine. Nikampanga Malab mbele. Abti nikamweka nyuma kidogo, pale shingoni, ameshika kamba.

Shida ikawa moja: kamera hailii. Abti akabana pumzi akisubiri mlio.

"Umepiga?"

"Arobaini na mbili, Abti."

"Mbona haijasema kitu?"

"Ni ya kisasa."

"Ya kisasa haiongei?"

Akabana tena, kwa tahadhari. Hewa aliyobana mzee huyo leo ingejaza matairi ya lori la kwenda Mandera, pamoja na lile la akiba.

Jua nalo lilikuwa limeipiga skrini, sikuona kitu ila ule mraba wa kijani, umetulia raha mustarehe. Nikajua kazi imekubali. Tuliporudi nyumbani nikahamisha picha moja kwenye simu, nikaikuza. Jamani. Kope za Malab unazihesabu moja moja. Ndani ya mboni ya jicho lake nilijiona mimi mwenyewe, nimechutama, napiga picha.

Sasa hapa nyinyi wa kutoka bara mnisikilize vizuri. Mtu wa huku ukimpa picha yenye ngamia, anamwangalia ngamia. Hana namna nyingine. Nilimpa mama. "Mashallah," akasema, "huyu ana maziwa." Nikampa Abti mwenyewe, mwenye uso, mwenye posa. Akaitazama dakika nzima. "Nundu imetoka vizuri," akasema. "Tuma."

Nikamtumia Ibrahim, kaka yake Habiba.

Chai haijapoa, simu ikalia. Abti akataka niiweke spika ili mama naye asikie. Akakaa wima, akafunga kifungo cha shingo. Ibrahim akasalimia, akauliza habari za mvua, akauliza habari za mifugo, kisha akasema, "Picha tumeipata, mashallah. Ana umri gani?"

"Hamsini na nane," Abti akajibu kwa unyenyekevu. (Amejipunguzia minne.)

"Ngamia?" Ibrahim akauliza.

Abti akakohoa, akasema ana miaka tisa. Basi wakaanza. Amezaa mara ngapi? Anakaa siku ngapi bila maji? Mama yake alikuwa wa wapi? Kule Mandera simu ilikuwa inazungushwa, kila mzee ana swali lake, na Abti anajibu akiwa na raha hadi akasahau kilichotuleta. Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke: "Nipeni hiyo simu."

Alikuwa Habiba. Akatoa salamu, akaenda moja kwa moja.

"Ngamia nimemwona. Ni mzuri. Mwanamume sijamwona."

"Yuko nyuma, ameshika kamba," nikadakia.

"Nyuma nimeona moshi. Moshi wenye ndevu nyekundu."

Mama akaivuta kamera mikononi mwangu. Tukaangalia, safari hii tukimtafuta mtu. Ya kwanza, moshi. Ya pili, moshi. Ya thelathini, Malab amegeuza kichwa na hata moshi haupo. Kamera ilikuwa imefanya kile nilichoiamuru jana: itafute macho ya mnyama, mengine yote iyayeyushe.

"Bishar," mama akasema polepole, "si wewe uliyesema umesoma?"

Abti alikuwa anaangalia kikombe chake. Nikamfikiria yule mwenye duka la vitambaa, uso wake umetoka safi, anatabasamu. Hapo, ndugu zangu, hata mimi sikuona cha kuchekesha.

Kisha Abti akainamia simu. "Habiba, huo moshi ni mimi. Huyu mtoto wa dada yangu ana kamera inayopenda wanyama. Na mimi mwenyewe nimeitazama picha hiyo dakika nzima, nikamsifu ngamia. Uso wangu sikukumbuka kuutafuta."

Mara Habiba akacheka. Alicheka hadi tukasikia simu ikianguka kule, ikaokotwa, akaendelea. Abti naye akaanza, kicheko kile cha kutoa machozi, ambacho nyumba yetu haijakisikia miaka mitano. Mama, bila kumwuliza mtu, akatoa simu yake, ile yenye ufa katikati, akampiga picha papo hapo: mdomo wazi, jino moja halipo, hina inang'aa. Akatuma.

Jibu halikukawia. "Huyu nimemwona. Aje." Baada ya dakika moja likaja jingine: "Mpiga picha abaki Garissa."

Sijui nani ametangaza sokoni, lakini tangu saa sita wafanyabiashara watatu wamenitafuta niwapigie picha ngamia wao. Naomba asicheke mtu. Mwenye ngamia anipigie mimi. Mwenye posa amtafute mama yangu.