Mkameruni wa Misungwi

Chenge alikuwa anakunywa kahawa ya watu pale kijiweni Igogo, masikio yamesimama kama ya sungura. Kijiwe kilikuwa kinawaka moto.

"Timu ya wageni watupu ni timu ya nani?" Pius fundi viatu aliuliza. "Wakishinda wao, wewe unashangilia nini?"

"Nashangilia kombe!" alifoka Masalu, mchuuzi wa dagaa na mwenyekiti wa timu ya mtaa. "Buzuruga wamemleta Mrundi, wametufunga mpaka aibu. Sisi tunang'ang'ana na watoto wa nyumbani. Atakayeniletea mgeni wa kweli namkabidhi pikipiki yangu ile."

Chenge akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeitwa na Mungu.

"Shikamoo, mwenyekiti. Mkameruni unamtaka?"

Mkameruni alipatikana Misungwi, nyuma ya ng'ombe. Jina lake Machibya, pande la mtu, mguu kama mchi wa kinu. Chenge akambatiza Etondo na kumpiga marufuku kufungua mdomo.

"Wewe unajua Kifaransa tu. Ukisalimiwa, tabasamu. Malipo yako wali na sato mpaka ushibe."

"Na pikipiki?"

"Pikipiki ya wakala, mdogo wangu. Ndiyo sheria ya mpira."

Machibya akatabasamu. Chenge akadhani anafanya mazoezi.

Masalu alipomwona alimzunguka mara mbili kama fahali wa mnadani. "Cheki misuli! Hii haijajengwa na ugali." Akatoa pikipiki papo hapo. Hata Pius alinywea. Miguu ileile iliyokuwa inafukuza ndama Jumatatu, Jumamosi imekuwa ya Afrika Magharibi; na kuna watu wanahangaika kupanga foleni ya pasipoti!

Siku ya kurudiana na Buzuruga, Chenge aliegesha pikipiki kwenye njia ya kutokea uwanjani, ufunguo umo. Mjanja hapapasi mifuko wakati wa kukimbia. Bila kwa bila, mpira unakwisha, Igogo wakapata penalti. Etondo akatenga mpira, akarudi nyuma, akainua macho. Nyuma ya goli alisimama mama mmoja na beseni la samaki wa kukaanga.

"Mama mkwe!" Mkameruni akapiga yowe kwa Kisukuma safi, akajifunika uso kwa jezi, akageuka na kutimka.

Kwingine wangemdaka. Lakini kwa Wasukuma, mwanamume anayemkwepa mama mkwe hazuiwi, anapishwa. Uwanja mzima ukampisha. Chenge mwenyewe, mtoto aliyelelewa vizuri, akaruka pembeni na kuinamisha kichwa kwa adabu. Alipokiinua, pikipiki na Mkameruni wake vilikuwa vimebaki vumbi.

Masalu alikwisha mshika ukosi. "Mkameruni gani anamkimbia mkwe?"

"Taratibu, mwenyekiti! Twende kwa mkwewe, atatuonyesha nyumbani kwake." Wakaburutana hadi nyuma ya goli. "Shikamoo, mama. Yule mkweo anakaa wapi?"

"Marahaba. Mkwe yupi tena, mwanangu? Mimi Mungu kanipa madume matupu." Mama akatua beseni. "Yule kijana nimemjua leo asubuhi. Kasema nisimame hapahapa, nisisogee, mechi ikiisha mwenye pikipiki atanunua samaki wote."

Akawatazama mmoja mmoja, tayari na gazeti la kufungia.

"Haya, mwenye pikipiki ni nani kati yenu?"