Muhula Mmoja wa Maame Araba

Sogeeni, enyi mliopiga kura na mliozuiwa na mvua, mpate habari za Maame Araba Nyarkoa, muuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi, mjini Adofokrom, Ngao ya Foleni, Kiboko ya wapenda kupunguziwa bei, na vita alivyopigana mbele ya choo cha umma.

Ilikuwa asubuhi ya tatu tangu Rais mpya atangazwe, na mashabiki wake, kama ilivyo desturi kila dola inapobadilika, walikuwa wamekwisha kukiteka choo kile bila kumwaga damu. Langoni aliketi Bentil, mkereketwa wa chama, ufunguo shingoni. Mbele yake watu kumi na mmoja walisimama wamekaza meno. Maame Araba akafika wa kumi na mbili, na tumboni mwake samaki wa jana alikuwa ametangaza uasi.

"Fungua, mwanangu."

"Siwezi, Mama. Rais ateue kwanza mawaziri, kisha mkuu wa wilaya. Mkuu wa wilaya ndiye atatuteulia msimamizi wa choo. Mimi nalinda tu."

"Kwa hiyo tumbo langu nalo limsubiri Rais?"

"Ndiyo utaratibu, Mama."

Jasho likamtiririka shujaa, akaiona aibu ikimjia mbiombio. Lakini akapanda juu ya jiwe, magoti yamebanana, akanena:

"Enyi wenzangu mliobanwa. Rais tulimpa ikulu, tukampa jeshi, tukampa na ndege. Choo tulimpa lini? Kidole kilichomchagua yeye bado ninacho. Tuchague msimamizi hapa hapa. Anayenitaka anyooshe mkono, ila taratibu, asije akajiumbua."

Mikono kumi na mmoja ikanyooka. Kisha ukainuka mwingine, wa Bentil, ambaye naye alikuwa amejizuia tangu alfajiri kwa kukosa uteuzi.

"Muhula mmoja, Mama," alisema akimkabidhi ufunguo. "Dakika tano. Na mimi nipo foleni."

Mlango ukafungwa. Foleni ikaanza kuhesabu dakika kwa hofu, maana wote walijua jinsi watu wanavyobadilika wakishakalia kiti. Dakika ya tatu ikapita. Katika ya nne mzee mmoja alinong'ona kwamba huyu naye ataongeza muda, ninyi subirini tu.

Ya tano haijatimia, mlango ukafunguka. Maame Araba akampa ufunguo aliyekuwa mbele ya foleni, akajitwika kenke zake, akaenda sokoni.

Andikeni basi, enyi makarani wa nyakati, kwa wino usiofutika, na nakala moja ipelekwe ikulu: alitoka mwenyewe, bila kugongewa.