Nimeitwa Mjomba

Ijumaa, 4 Aprili

Saa moja asubuhi, na joto limeamka kabla yangu. Nimekwenda kwa Bi Rampha kula tambi za kaa, kama ninavyokwenda kila siku kwa miaka tisa. Miaka tisa nimekuwa Kaka Bing. (Mwambingu imewashinda. Nimewasamehe.) Leo ameinua uso kutoka kwenye sufuria, akatabasamu, akasema, "Karibu, Mjomba Bing."

Mjomba!

Nimegeuka nyuma kuona nani kaingia. Hakuna mtu. Kulikuwa na kibembea cha kitambaa tu pembeni ya jiko, na ndani yake Kung, mjukuu wake wa miezi saba, aliyeletwa jana na mama yake kutoka Rayong. Kwa hiyo mjomba ni mimi.

Katika mji huu wa Chanthaburi hakuna anayeitwa jina tupu. Lazima uwe kaka, dada, mdogo wangu, shangazi, mjomba. Kaka bado anaweza kuoa. Mjomba anatafutiwa kiti. Na mimi kwa miaka mitatu najiandaa kumwambia Bi Rampha jambo. Yeye mjane, mimi peke yangu, tambi zake hazina mfano. Nimepanga kumwambia Songkran hii, sikukuu ya kumwagiana maji, maana akikataa nikalia, nitaonekana nimelowa kama watu wengine.

Halafu akaingia Upul. Mtu wa Sri Lanka, anauza yakuti kwenye meza jirani na yangu katika soko la vito, tumbo limemtangulia. Bi Rampha kamwambia, "Karibu, Kaka Upul." Kaka! Ana hamsini na saba, nimeiona pasipoti yake kwa macho yangu. Mimi nina hamsini na tatu.

Sikumaliza tambi. Nilibakiza mbili.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimefikiri kwa utulivu. Ni mvi. Nimenunua rangi nyeusi, ile ya bei ya chini, kwa sababu weusi ni weusi tu. Nimepaka nywele, nyusi, masharubu. Muuzaji alitaka kunieleza jambo kuhusu jasho. Nikamwambia mimi natoka Taita, jasho nalijua.

Kwenye kioo nimeona kijana. Nyusi zimezidi kidogo, lakini kijana.

Jumapili, 6 Aprili

Aibu.

Nilijua Bi Rampha hununua kaa sokoni Jumapili kabla ya saa mbili. Nikajipitisha hapo kama kwa bahati, shati la kubana, tumbo nimelivuta ndani. Alikuwa na Kung kwenye mbeleko mgongoni. Nikamkaribia. Nikafungua mdomo. Saa mbili kamili, kama kila asubuhi, kipaza sauti kikapiga wimbo wa taifa.

Wimbo ukipigwa, soko zima linasimama wima. Muuza kaa kasimama na kaa mkononi. Mimi nimesimama, jua usoni, na nikahisi kitu kinateremka kwenye paji la uso. Kikapita nyusi, kikapita pua. Kingine kikatokea kwenye masharubu kikaelekea kidevuni. Huwezi kujifuta. Miaka tisa naishi kwa watu hawa, sitajifuta wimbo wa taifa ukipigwa! Bi Rampha alikuwa hatua mbili mbele yangu, ananitazama, amesimama wima, mdomo kaubana, machozi yanamtoka. Nyuma yake Upul, mabega yanatikisika.

Wimbo ni mfupi. Leo ulikuwa mrefu.

Ulipoisha Bi Rampha akanipa kitambaa chake, akasema pole Mjomba Bing, jua kali mwaka huu. Hata na nywele nyeusi, Mjomba! Kitambaa nimekifua mara nne. Hakitakati. Nimekiweka chini ya mto.

Jumanne, 8 Aprili

Runinga ya Bi Rampha asubuhi: joto la nyuzi arobaini kaskazini, moshi, waziri mmoja ametoka na mwingine ameingia, matunda ya doriani yamekwama mpakani yakisubiri kukaguliwa. Wateja wamelalamikia doriani. Waziri hakuna aliyemuuliza habari zake.

Mpango wa pili: nguvu za mwili. Vijana wa mtaa hucheza takro jioni mbele ya mkahawa, ule mpira wa henzirani unaopigwa kwa miguu juu ya wavu. Nikaomba kuingia. Wakaninyima, nikaomba tena. Wakaniuliza kama nina bima.

Mpira wa kwanza niliupiga vizuri sana, hewani, mguu juu ya kichwa. Mguu ndio uliokataa kurudi. Paja limelia kama kitambaa kinachochanwa. Wamenibeba wanne. Upul kashika kichwa, na njia nzima ananiambia nisiongee, nihifadhi nguvu, kama mtu anayekufa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimelala. Bi Rampha kanitumia uji wa wali wenye tangawizi. Kauleta binti yake, na salamu kwamba mama amekesha akiuchemsha, na kwamba Mjomba asitoke. Kung naye alikuwepo, amebebwa, anatafuna kidole.

Uji! Chakula cha wasio na meno. Sasa najua ananionaje.

Nimekula wote. Nimelamba bakuli.

Alhamisi, 10 Aprili

Mpango wa tatu, na huu hauhitaji misuli.

Bi Saiyut, mwenye umri wa sabini na nane, anasuka mashada ya yasmini mlango wa pili kutoka kwa Bi Rampha. Kila anachojua yeye leo, mtaa unakijua kesho. Na hapa mtu mzima hamuulizi mtu mzima miaka yake. Anamuuliza mwaka wake ni wa mnyama gani, halafu anahesabu. Wanyama kumi na wawili, kila mmoja anarudi baada ya miaka kumi na miwili. Mimi ni wa Panya. Nani anataka kuolewa na Panya? Nikapiga hesabu usiku kucha. Nyoka Mkubwa, yule joka, angenipa arobaini na tisa. Nimejipunguzia minne tu. Mtu mwaminifu.

Nikachechemea hadi kwake, nikakaa, nikalalamikia joto, na katikati ya malalamiko nikadondosha kwamba sisi wa Nyoka Mkubwa hatuvumilii jua. Akaacha sindano. Akahesabu kwa vidole. Akasema arobaini na tisa? Akanitazama nyusi. Akatazama paja. Akaniambia nisome jina la dawa kwenye kopo lake, nikalisogeza mbali, nikalisogeza karibu, nikasema miwani nimeisahau.

Akasema hapana. Duara moja nyuma. Sitini na moja.

Nikamwambia arobaini na tisa. Akanipigapiga mkono akasema usione haya baba, umejitunza. Halafu akaandika 61 kiganjani, kwa ajili ya bahati nasibu ya tarehe kumi na sita, na mahali pengine akaandika jina langu. Sikuona wapi.

Jumapili, 13 Aprili. Songkran

Nimeona wapi.

Uwanja wa hekalu. Viti vya plastiki kumi na vinne vimepangwa mstari, na juu yake wazee wa mtaa, kuanzia miaka sitini, waliokuja kuenziwa. Kiti cha kumi na moja kimeandikwa Mjomba Bing. Nikasema kuna makosa. Bi Saiyut, kiti cha kumi na mbili, akanivuta shati nikakaa. Kulia kwangu kulikuwa na babu wa miaka tisini na moja, akaniuliza kama nakumbuka mafuriko ya zamani. Nikasema nakumbuka. Ningesema nini?

Walio wadogo wanapita wamepiga magoti, wanakumwagia mikononi maji ya yasmini, nawe unawapa baraka. Akaja nani? Upul! Amepiga magoti, bakuli la fedha, uso wa malaika. Hamsini na saba anaomba baraka kwa hamsini na tatu. Nikambariki apate mvi nyingi.

Kisha akaja Bi Rampha. Hii ndiyo siku niliyoingoja miaka mitatu. Maneno yangu nilikuwa nimeyaandika na kuyakariri. Akapiga magoti, akanimwagia maji polepole, mikono yake ikabaki juu ya yangu baada ya maji kwisha, akanitazama kama anayesubiri. Moyo ulinipiga hadi kiti kikalia. Na mimi, mzee wa kiti cha kumi na moja, nikamtakia afya njema na wateja wengi.

Akainama akaenda zake. Iliniuma kuliko paja.

Bi Saiyut akanifinya. Akaniuliza mimi ni mjinga wa kuzaliwa au nimejifunzia hapa. Rampha haniiti mjomba kwa mdomo wake, akasema, ananiita kwa mdomo wa mtoto! Tangu Kung aje, kila mtu wa karibu anaitwa kama Kung atakavyomuita. Wa nje ndio wameachwa kwenye ukaka. Kama Upul.

Nimekaa pale hadi maji yakanikaukia. Kwetu Wundanyi mama zetu hufanya hivyohivyo, nimekulia humo! Siku tisa za rangi na misuli, bure. Nimeelewa kabisa. Mwanamke mwenye mtoto mkononi anasema kwa mdomo wa mtoto. Nimeandika kwa herufi kubwa ukurasa wa mbele ili nisisahau maisha yangu yote.

Jumatano, 16 Aprili

Mkahawa umefunguliwa baada ya sikukuu. 61 imetoka. Mtaa mzima umeshinda, kelele hadi barabarani, kila mtu ananishika kichwa apate bahati. Mimi nilinunua 49.

Nilikwenda nimetulia, nimenyoa masharubu, mvi zangu kichwani. Nimewaza leo namwambia. Bi Rampha alikuwa na Kung begani na tambi zinachemka. Aliponiona akawa mwekundu, nadhani mvuke. Akazunguka kaunta, akaja hadi mezani kwangu mbele ya watu wote, akaniwekea mtoto mapajani, na kumwambia, "Kung, kaa kwa Babu, Bibi achuje tambi."

Bi Saiyut aliacha kijiko, akajifuta macho, pilipili hiyo. Binti wa Bi Rampha akaunganisha viganja akaniinamia hadi chini, sijui kwa nini. Upul akasimama, akalipa, akaondoka akiacha bakuli limejaa. Kwa mara ya kwanza nimempenda Upul. Aliona aibu kwa niaba yangu.

Babu! Kaka, mjomba, babu, kwa siku kumi na mbili! Nilimshika mtoto mpaka akalala, maana mtoto hana kosa, nikala tambi zangu zote, kaa walikuwa mara mbili ya kawaida, nikaenda moja kwa moja dukani.

Nimenunua rangi ya kahawia, ya bei ya juu, haitoki kwa jasho. Na Bi Saiyut nitamwambia nilikosea mnyama, mimi ni wa Nyani, arobaini na tano.

Bi Rampha simwambii neno lolote mpaka aache kuniita Babu.