Jekundu Litashinda, Nimesema

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeapa mbele ya mama mkwe. Hakuna kurudi nyuma!

Ilianzia mezani. Nilitaja gari jekundu la daktari wa meno, lile la mbio lenye milango miwili, linalobadilishwa matairi dukani kwetu. Nikasema likichomoka pale liliposimama, hakuna gari mjini la kulikamata. Mwanyumba akaweka kijiko chini. Huyu ndiye mume wa dada wa mke wangu, mwalimu wa fizikia, mtu ambaye hata mate huyameza kwa majivuno. Akasema gari jeusi la mkandarasi lingeliacha jekundu likila vumbi. Eti amelisikia likiwashwa. Amelisikia! Mimi ndiye ninayeliuzia matairi!

Tumewekeana sharti. Atakayeshindwa atamwita mwenzake Mheshimiwa mbele ya ukoo, mwaka mzima. Mama mkwe ni shahidi. Mke wangu alijifunika uso kwa kitambaa cha meza. Nadhani ni furaha.

Jumanne, 4 Machi
Tatizo dogo. Wenye magari hawajaambiwa.

Mkandarasi alikuwa rahisi. Nilimpigia simu nikamwambia daktari wa meno anaita gari lake jeneza. Akauliza ni lini na wapi.

Daktari hapokei simu akiwa kazini. Nikaenda kliniki nikajifanya naumwa jino ili niruke foleni. Mpango safi kabisa! Ila daktari ni mtu wa vitendo. Kabla sijafikia habari ya magari, alikuwa ameshanichoma sindano ya ganzi. Alipouliza ni jino lipi, nilinyoosha kidole popote. Akang'oa hapohapo.

Nikamweleza, nusu ya uso imelala, kwamba mkandarasi anaita gari lake toroli lililopakwa rangi. Ilibidi nirudie mara kadhaa. Alipoelewa, koleo ilimdondoka. Amekubali! Jumamosi, kiwanja cha ndege cha zamani. Jino limekwenda, lakini heshima iko njiani.

Alhamisi, 6 Machi
Mwanyumba amepita dukani, eti anatafuta pampu ya baiskeli. Akaniuliza kama nimeanza mazoezi ya kutamka "Mheshimiwa", maana kwa shavu hili lililovimba atakuja kuitwa "Mhefimiwa". Wateja wakacheka. Nikamwambia pampu zimekwisha. Zilikuwa zinaning'inia juu ya kichwa changu.

Nimefikiri sana. Mbio ni uzito. Punda asiye na mzigo ndiye mkimbiaji. Sasa jekundu likipunguziwa mzigo, na jeusi likaongezewa kidogo, nani atajua? Huo si udanganyifu. Ni kuusaidia ukweli uwahi kufika.

Jumamosi, 8 Machi, asubuhi
Nimewaalika wote wawili dukani wakaguliwe upepo wa matairi, bure. Wamekuja! Wamesalimiana kama majogoo. Walipokuwa wakinywa chai na bosi wangu, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, nikaingia kazini.

Jekundu: nimetoa tairi la akiba, jeki na zulia la buti. Kisha nikayapaka matairi dawa ya kung'arisha, mpaka sehemu inayokanyaga lami. Mshindi lazima ang'ae!

Jeusi: mifuko miwili ya saruji ndani ya buti, nyuma kabisa, chini ya turubai. Mkandarasi akiiona atadhani ni yake. Akili hii nimeirithi kwa nani?

Jumamosi, jioni
Nitaandika kama yalivyotokea.

Lami ya kile kiwanja imezeeka, ina vumbi laini kama unga. Mama mkwe aliketi mwisho wa mbio kwenye kiti cha plastiki, mwavuli mkono huu, leso mkono ule. Ndiye mwamuzi. Mwanyumba kasimama kando yake, anamshikia soda. Mnafiki!

Nikainua bendera. Injini zikanguruma hadi nikasikia fizi zinacheza. Moyo ulitaka kutoka nje ukajionee wenyewe. Nikaishusha!

Jeusi liliinama nyuma, likang'ata lami, likaondoka. Halikukimbia, lilirushwa! Kufumba na kufumbua lilikuwa dogo kama kiberiti.

Jekundu nalo lilinguruma kishujaa. Magurudumu yakazunguka kama feni. Moshi! Harufu ya mpira! Na gari palepale, linatikisa makalio kama bata aliyetoka majini. Lilipopata njia, mama mkwe alikuwa ameshapunga leso na anakunja kiti.

Nikawakimbilia. Mkandarasi akafungua buti kutafuta maji ya kunywa. Akapiga yowe.

"Jamani, kumbe nilibeba saruji! Bila uzito huu nyuma nisingetoka kwenye vumbi hili!"

Mwanyumba akaeleza, bila kuombwa, kwamba nguvu zote za injini ni bure kama matairi ya nyuma hayashiki chini, na uzito ndio uliokandamiza yale ya jeusi yakashika. Kisha akapitisha kidole kwenye tairi la jekundu, akakinusa, akanitazama.

Daktari naye akanitazama. Akaniuliza, kwa upole mno, kama kuna jino jingine linaloniuma.

Jumapili, 9 Machi
Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Nilisema haraka, kwa sauti ya chini. Mama mkwe akadai hajasikia. Nikarudia.

"Mheshimiwa, naomba chumvi."

Watoto wa mwanyumba walianguka kwa kicheko. Mheshimiwa mwenyewe alinipa chumvi taratibu, kama anayekabidhi kombe. Mke wangu akanishika mkono chini ya meza, akaniomba jambo moja tu: yaishe. Nikamwahidi yameisha. Kwa moyo wangu wote!

Jumatano, 12 Machi
Mimi na Mheshimiwa tumempeleka mama mkwe kupimwa macho. Jengo jipya, ghorofa saba, lifti mbili bega kwa bega. Tukiwa tunasubiri, Mheshimiwa akasema, wala si kwa ugomvi, kwamba ya kushoto inaonekana ina kasi zaidi.

Ya kushoto! Ile inayopanda kama mgonjwa wa magoti! Hata kipofu anaona kwamba ya kulia ndiyo lifti.

Sharti ni miaka miwili. Mama mkwe, macho yamejaa dawa na haoni hata ukuta, amekubali kuwa mwamuzi. Ni Ijumaa. Kesho asubuhi naenda kuonana na fundi wa lifti. Nasikia ni mtu mwelewa.