Kiwele cha Ng'ombe wa Mzee Kahigi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kuanzia leo mimi si fundi cherehani. Mimi Adelard ni msanii wa uzi. Nimemtangazia mke wangu, Restuta. Akauliza kama msanii wa uzi anaruhusiwa kumalizia sare za watoto wa watu.

Sababu ni hii. Dada Laurensia wa Bukoba, anayeandaa maonyesho ya wasanii wa sindano na cherehani, anakuja Kaisho Jumamosi. Atachagua kazi moja tu ya kwenda nayo. Moja! Na kwenye baraza letu tuko wawili: mimi na cherehani yangu, na Mukamusoni anayedarizi kwa mkono, polepole, kama anachambua mchele. Baraza ni la Mzee Kahigi. Ametuacha tukae bure, kwa roho nzuri tu.

Nimempigia Dada Laurensia kumuuliza anapenda nini. Akasema anatafuta kazi yenye ukweli ndani yake. Safi. Nitadarizi ng'ombe wa Mzee Kahigi. Ukweli gani unamzidi ng'ombe?

Jumanne, 3 Juni

Nimechungulia kazi ya Mukamusoni. Shamba zima la migomba! Mashina yamekamilika, majani bado. Nikafikiri haraka. Majani yanataka uzi wa kijani. Nikazunguka maduka yote ya Kaisho nikabeba kijani chote, mpaka kile kilichofifia kwa jua.

Mchana Mukamusoni akarudi kutoka madukani mikono mitupu. Nikampa pole. Ya dhati kabisa.

Jumatano, 4 Juni

Nimeshinda uani kwa Mzee Kahigi nikimwangalia ng'ombe. Kwa haki si wake. Ni wa Benadeta wa Songambele, mjane wa marehemu mdogo wake. Mzee anamtunza, Benadeta anapelekewa maziwa. Kwa sasa hapelekewi kitu. Jua limewaka mapema mwaka huu, majani hakuna, maziwa yamekauka.

Nikang'oa ule mguu mdogo wa cherehani unaokandamiza nguo, nikabana kitambaa kwenye fremu, nikakiendesha kwa mikono huku nakanyaga. Ndivyo wasanii wanavyofanya. Sindano zikavunjika. Kidole kimeshonwa, kidogo. Lakini ile pembe ya kushoto inayopinda kuelekea jichoni! Nimeipatia barabara.

Alhamisi, 5 Juni

Tatizo. Ng'ombe mwenyewe amekonda, kiwele kimesinyaa kama soksi iliyofuliwa. Nani Bukoba atasimama kutazama soksi?

Nilikuwa na uzi wa waridi uliobaki kwenye magauni ya kipaimara. Nikajaza kiwele. Kikanona mpaka nikaogopa kitapasuka. Na kile kijani chote kiende wapi? Nikamshonea majani, yakamfika magotini. Sasa anapendeza.

Restuta akasema ng'ombe yule hana maziwa, Kaisho nzima inajua. Nikamwambia sanaa ina macho yake. Akaulizia tena sare.

Nimeandika na kibandiko: NG'OMBE WA MZEE KAHIGI KAMA ALIVYO WIKI HII. HAKUNA KILICHOONGEZWA. Dada Laurensia anataka ukweli, nami nampa.

Jumamosi, 7 Juni

Niandike kwa utulivu.

Ukumbi wa parokia ulijaa. Kazi yangu ikatundikwa mbele. Watu wakaisogelea, nikasikia wanavyosema: huyu si ndiye yule? Pembe yake hiyo! Theoneste, mchungaji ng'ombe, akaapa kwamba angemtambua hata gizani. Hakuna aliyesema neno kuhusu mishono, lakini sikujali. Dada Laurensia alikuwa amesimama karibu yangu, anatabasamu.

Mukamusoni alikuwa ametundika migomba yake pembeni. Ya bluu! Majani ya bluu tupu, kama yameloweshwa kwenye wino. Nilimwonea huruma.

Ndipo akaingia Benadeta. Alikuja Kaisho kwa shughuli zake tu. Akatazama kitambaa. Akasoma kibandiko, akakirudia. Kisha akapiga ukelele: "Mawe, mama yangu! Kumbe maziwa yangu wanayanywa!"

Akanigeukia. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Adelard mwanangu, kiwele hiki umekiona kwa macho yako?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Lakini Dada Laurensia alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Nimekiona, mama."

Akauliza, na majani? Na majani.

Ukumbi mzima ukamfuata Benadeta kwa Mzee Kahigi. Nikabaki na Dada Laurensia, nikaanza kumweleza habari za uzi wa waridi. Sikufika mbali. Watu wakarudi, na Mzee Kahigi mbele yao akimvuta ng'ombe kwa kamba. Akamsimamisha mlangoni pa ukumbi. Watu wakatazama ng'ombe, wakatazama kitambaa. Wakatazama tena ng'ombe. Benadeta akachuchumaa, akakamua kwa mikono yake mwenyewe. Hata tone!

Akainuka, akapiga goti mbele ya shemeji yake akimwomba radhi, analia. Mzee akamwinua. Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Dada Laurensia akaniuliza, kwa upole, kama kiwele nilikitoa kichwani. Angekipenda hivyo, akasema. Nikamwonyesha kibandiko. Nitasemaje tena?

Akachagua migomba ya bluu. Mukamusoni alipoulizwa kwa nini bluu, akasema kijani kilikuwa kimekwisha madukani. Ukumbi ukapiga makofi. Nami nikapiga.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kwenye benchi letu nimekaa mimi na Restuta peke yetu. Waliobaki walibanana nyuma.

Baada ya ibada Mzee Kahigi akaniita pembeni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Hakupaza sauti. Akasema mwezi huu ukiisha niwe nimeondoa cherehani yangu barazani kwake. Akasema tangu azaliwe hajawahi kuitwa mwizi, tena wa maziwa ya mjane.

Imeniuma. Sina pengine pa kuiweka. Nyumbani hakuna mwanga wa kutosha, na sokoni wameshajazana. Ningekuwa na hasira naye ningepona, lakini sina.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata dawa!

Mzee amekasirika kwa sababu nilimdarizi ng'ombe badala ya kumdarizi yeye. Na watu bado wananong'ona kwamba yeye na Benadeta wamekosana. Basi nimewadarizi wote wawili kwenye kitambaa kimoja, wamesimama bega kwa bega, wanacheka. Mzee nimempunguzia umri, meno yote yamerudi. Benadeta nimemvua nguo za ujane nikamvalisha gauni la waridi, maana uzi bado upo. Wameshikana mikono, ishara ya amani. Nimewazungushia maua.

Restuta amekitazama muda mrefu, akakaa chini. Hakuulizia sare. Nadhani hatimaye ameelewa sanaa.

Jumapili alfajiri nitakitundika kwenye lango la kanisa, kila mtu akione akiingia. Kibandiko kipo tayari: MZEE KAHIGI NA SHEMEJI YAKE KAMA WALIVYO. Nilitaka kumweka na mkewe, Mama Evangelina, lakini fremu ilikuwa ndogo. Ni mtu mwelewa.