Mshenga wa Bluetooth

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Baridi ya Mbinga leo inauma. Nimeshinda garini. Kompyuta imewaka! Ni laptop ya zamani niliyoipachika pale redio ilipokuwa, ndani ya boksi la mbao nililolipaka rangi mwenyewe. Sauti inarushwa kwa bluetooth mpaka kwenye spika. Hakuna waya hata mmoja. Mji mzima nani mwingine ana kitu kama hiki?

Jioni, pigo. Baba mdogo Dastan, mshenga wangu, amegoma kwenda Lipingo Jumamosi kuniombea posa. Kahawa imeiva yote kwa mpigo, anakoboa kutwa, na zile kona za kushuka ziwani humtapisha. Nikasema basi tuahirishe. Akasema nikiahirisha tena Mwalimu Allen atamwoza binti yake Benadetha kwa mwingine, na atafanya vizuri. Nimewahi kwenda mwenyewe. Nikaishia kuulizia bei ya dagaa. Mbele ya mzee yule ulimi wangu hukauka kabisa.

Jumanne, 8 Julai.

Nimelala na tatizo, nimeamka na jibu. Mshenga si lazima aende. Sauti yake iende! Nimemfuata Bamdogo shambani Kitura, nimemrekodi akiomba posa kwa heshima zote. Nyuma unasikika mtambo wa kukoboa, pia jogoo mmoja mjeuri. Haidhuru. Spika itakaa sebuleni kwa Mwalimu, kompyuta ibaki garini. Mimi nitatulia kimya kama mkwe mwenye adabu. Msemaji ni mshenga, ndiyo mila yenyewe.

Jumatano, 9 Julai.

Spika haishiki. Programu inaiona, inaijua mpaka jina, lakini ukiiambia iunganishe, inaganda. Nimezima, nimewasha. Nimeifuta spika kwenye kompyuta, nimeitafuta upya. Nimesasisha programu, bando la wiki nzima likaisha hapo hapo. Sasa sauti inatoka, ila inachelewa. Nabonyeza, napiga chafya, nafuta pua, ndipo Bamdogo anaanza kubisha hodi.

Alhamisi, 10 Julai.

Nimemeza aibu, nimekwenda kwa Kilian, fundi simu wa stendi. Simpendi. Benadetha alipokuwa akisoma hapa Mbinga, Kilian alikuwa akimtengenezea simu kila wiki, na simu ilikuwa nzima. Akaijaribu spika kwa simu yake mwenyewe. Ikashika papo hapo! Majivuno hayo! Akanionyesha kwamba ina maiki, mtu anaweza hata kupokelea simu hapo. Nikamwambia sina haja ya elimu ya ziada. Akasema mbovu ni kompyuta yangu, siyo spika. Wivu huo. Hata hivyo ameirekebisha, kwa sharti kwamba Jumamosi twende wote. Anasema hataki kusimuliwa.

Jumamosi, 12 Julai.

Tumeshuka hadi Mbamba Bay, tukashika njia ya Lipingo. Joto. Mwalimu Allen akatukaribisha vizuri, akauliza mshenga yuko wapi. Nikaweka spika mezani. Akaitazama, akavaa miwani, akaitazama tena.

Nikakohoa. Ndiyo ishara tuliyopatana: Kilian, aliyebaki garini, abonyeze. Kimya. Nikakohoa tena. Mama mwenye nyumba akaniletea maji. Mwishowe Bamdogo akabisha hodi, jogoo akawika, sauti ikakata. Kompyuta imeganda! Mungu wangu!

Mara yule dada wa ndani ya spika akatangaza kwa Kiingereza kwamba ameunganishwa. Bamdogo akarudi. Lakini haya sikuyarekodi mimi! Aliuliza kama yule mwoga ameshafika. Akasema kijana ana moyo mzuri, amejenga nyumba, dirisha la jikoni ameliweka upande wa ziwa ili mke asikumbuke sana kwao, ingawa ziwa lenyewe halionekani. Ila kumwambia binti wa watu neno moja, hawezi. Amekwenda na boksi.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nje Kilian anapiga kelele, haloo, haloo. Bamdogo alikuwa amempigia yeye, na spika imeidaka simu!

Mwalimu akaiinamia spika, akajibu kwamba mwoga amefika na anatoka jasho. Kisha Bamdogo, kwa sauti nyingine kabisa: shikamoo Mwalimu! Kule nyuma mtambo ukazimwa. Wakaulizana kahawa, wakaulizana samaki, wakaulizana wagonjwa. Halafu Bamdogo akaomba posa upya, vizuri kuliko nilivyomrekodi, na bila jogoo.

Mwalimu akasema mshenga amemsikia. Sasa anataka kumsikia mwenye haja, la sivyo tubebe spika yetu turudi. Nikafungua mdomo. Hewa tu. Nyuma ya pazia Benadetha akasema, tena kwa sauti, kwamba pengine na huyu anatumia bluetooth, asubiriwe kidogo.

Nikacheka. Neno likatoka. Nimesema nampenda, na ninamwomba awe mke wangu. Kwa mdomo wangu! Mwalimu akamuuliza binti, binti akakubali. Tukala ugali wa muhogo na samaki mbasa. Kilian alikula kuliko mimi, lakini leo nimemsamehe. Nina furaha mno.

Jumatatu, 14 Julai.

Nimetafakari kwa utulivu. Mambo yamekwenda kama nilivyopanga. Kasoro ilikuwa ndogo tu, toleo la zamani la programu.

Benadetha amenitumia ujumbe. Yuko radhi kwa kila kitu, ila siku ya kanisani boksi libaki nyumbani. Padri akiuliza, anataka asikie sauti yangu. Nimemjibu asiwe na wasiwasi, ataisikia.

Nimeshinda garini. "Ndiyo, nakubali" yangu nimeshairekodi, imetoka safi. Nimepata spika ndogo inayoenea mfuko wa koti. Kilichobaki ni kumwambia Kilian siku hiyo azime simu.