Joto la Kisahani Kitupu

Jumatatu, 6 Mei

Nimekabidhiwa mashine! Si kompresa yake, si mabomba yake, si kuipangusa vumbi mgongoni. Yenyewe!

Wiki tatu nipo maabara hii kama fundi wa baridi, kwa majaribio. Walinitoa karakana ya Mjomba, nilikojifunza friji kwa kuzifungua bila ruhusa. Kazi yangu ni kuhakikisha mtambo unapoa. Ukishapoa, wenyewe wanaingiza vidonge vyeusi vya supakondakta. Katika joto la kawaida ni vijiwe tu. Vikipoa mno, umeme unapita ndani bila kupotea hata chembe, na sumaku inasukumwa nje kama mgeni aliyeingia bila hodi. Nimesoma habari zake zote kwenye simu. Nusu nimeelewa. Nusu nyingine nitaielewa nikiulizwa.

Leo Mama Profesa, mkuu wa maabara, amevunja kidonge kipya vipande viwili. Kipande kimoja kampa Desimali, apime usumaku. Kingine kanipa mimi, kidogo kama dengu, nipime joto: kinameza joto kiasi gani ili uvuguvugu wake uongezeke kwa nyuzijoto moja tu. Ijumaa tunaleta grafu. Ijumaa hiyohiyo ataamua kama nabaki kazini au narudi kwa Mjomba kuchokonoa majokofu.

Desimali ni mwanafunzi wake wa uzamili. Jina nimempa mimi. Ukimuuliza saa, anakupa na sekunde. Ameniambia, fundi, ukikwama niite. Nimekwama lini mimi?

Nyumbani nimemsimulia Bibi. Akasema hongera mume wangu, sasa hicho kidonge unameza kabla ya kula au baada?

Jumanne, 7 Mei

Maelekezo ya Mama Profesa yana kituko. Kipande kinakaa juu ya kisahani kilicho kidogo kuliko ukucha, kinashikizwa kwa tone la grisi. Sawa. Lakini kabla ya kukiweka, eti nipime kisahani na grisi yake, bila kipande! Kutwa nzima! Kisha nipime tena kipande kikiwa juu, halafu hesabu ya kwanza niitoe kwenye ya pili. Kinachobaki ndicho joto la kipande.

Nikamuuliza kwa adabu zote, Profesa, kwani kisahani hakijulikani? Akasema kisahani kinajulikana, grisi ndiyo haijulikani, kila tone lina tabia yake. Akaenda zake darasani.

Yaani nikae kutwa nzima napima hakuna kitu.

Na Desimali ameshamaliza! Grafu yake ipo ukutani. Mstari umelala kwenye sifuri kama mvivu kitandani, kisha baridi ikizidi, tumbwi! Unazama chini ya sifuri. Mama Profesa akampa mkono. Akasema safi sana, imeshuka vizuri kabisa, kipande kimeikataa sumaku.

Nimeweka kichwani: chini ya sifuri, unapewa mkono.

Sasa mpango. Kwenye kompyuta kuna vipimo vya kisahani kitupu vya mwezi jana, kazi ya Desimali. Grisi ni grisi. Nachukua vyake, naokoa siku nzima. Mwenda pole hajikwai, wanasema. Hawasemi anafika lini.

Jumatano, 8 Mei

Mimi na mashine, ana kwa ana. Nimepaka grisi kiduchu, kwa ncha ya sindano. Sipendi kupakaza. Kipande nimekiweka kwa kibanio. Kimekaa. Nimefunga mlango.

Hatua ya pili ni kunyonya hewa. Maelekezo yanasema koki ya pampu ifunguliwe polepole, kidogokidogo. Nimecheka peke yangu. Mtu aliyeandika hayo hajawahi kutengeneza friji. Kwa Mjomba koki inafunguliwa yote, pampu inapiga kelele, mnaendelea na maisha. Nimefungua yote. Pampu ikavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga barafu peku. Ombwe safi! Desimali kazi hiyo inamla asubuhi nzima.

Nikaiacha mashine ipoe na kupima. Nikapiga mluzi. Desimali akauliza mbona una raha hivyo. Nikamwambia afya.

Alichokipata Desimali Jumanne, mimi nakifikia Jumatano. Naona kesho itakuwa kubwa.

Alhamisi, 9 Mei

Mungu mkubwa! Nimetoa vipimo vya Desimali kwenye vyangu, nikachora. CHINI YA SIFURI! Na si kwenye baridi kali tu kama yake. Mwanzo hadi mwisho! Yake imeshuka mwishoni. Yangu haijawahi hata kupanda!

Sikuweza kujizuia, nikamwonyesha. Akaikodolea macho. Akakuna sikio. Akasema fundi, usumaku ukiwa chini ya sifuri ni sawa, ndiyo tabia ya supakondakta. Joto likiwa chini ya sifuri, maana yake ukikipasha moto kinapoa. Nikamwambia ehee. Akasema kitu kama hicho hakipo. Nikamwambia sasa kipo. Akauliza kisahani kitupu nilikipima lini. Nikasema kilipimwa. Sijasema uongo. Sijasema tu na nani.

Wivu. Mtu ukishampita anaanza kuuliza maswali.

Nikakimbia hadi karakana. Mjomba alikuwa amelala chali chini ya jokofu la bucha, miguu tu ndiyo iko nje. Nikaieleza miguu: Mjomba, nimegundua kitu ukikipasha moto kinapoa! Friji bila kompresa! Miguu ikajibu:

"Mpwa wangu, hiyo ni friji ya mafuta ya taa. Babu yako alikuwa nayo. Unawasha moto chini, juu kunapoa. Iliunguza pazia."

Nikafafanua kwamba hii haina moto wala mafuta, ni kijiwe tu. Miguu ikafikiri. Ikauliza, nikikitia kwenye chai, chai nikaiteleka jikoni, nitakunywa nini? Swali zito.

Nikamwambia basi benchi langu ampe mtu, mimi ndiyo siwezi kurudi tena. Akasema siku niliyoondoka aliweka kopo la rangi pale, na mpaka leo halijampotezea bisibisi.

Ijumaa, 10 Mei

Shati jeupe. Bibi amelipiga pasi mwenyewe. Akasema mume wangu, ukirudi bila kazi shati naligawa, na wewe naweza kukugawa pia kama atatokea mtu.

Ofisini kwa Mama Profesa. Desimali kakaa pembeni, kakumbatia kompyuta yake. Mimi nimesimama. Nimesema "enzi mpya". Nikaona imekaa vizuri, nikairudia. Kisha nikaweka grafu mezani.

Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. Akavaa miwani. Akavua. Akaomba namba zenyewe, kabla sijatoa za kisahani kitupu. Akazipitia, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekutana na jirani yake wa zamani mahali asipotegemea. Akasema namba hizi anazifahamu. Akasema, mwanangu, twende tukafungue.

Tukafungua. Kisahani kinang'aa. Katikati, kidoa cha grisi. Kipande hakuna!

Nikasema kimeyeyuka. Desimali akasema kimeruka. Akafungua mdomo wa bomba la pampu, penye wavu, akachomoa na kibanio. Kipande changu! Kimejaa vumbi, kimemeguka pembe. Pampu ilikinyakua pale pale nilipofungua koki yote. Kumbe kutwa nzima nimepima kisahani kitupu! Halafu kwenye kisahani kitupu changu, chenye grisi kiduchu, nikatoa kisahani kitupu cha Desimali, chenye grisi bwelele. Tupu kutoa tupu. Ile enzi mpya yote ilikuwa grisi ya Desimali.

Nikasema basi kosa ni lake, kapaka nyingi.

Inasikika kompresa tu. Nikawaomba wasikilize inavyonguruma sawasawa, hiyo ni kazi yangu. Hakuna aliyesikiliza. Nikajiona nimekaa karakana, nabishana na kopo la rangi.

Mama Profesa akazirudia namba. Akasema miaka yote anawaomba wanafunzi wake wapime kisahani kitupu kwa utulivu, na wote wanalipua, kwa sababu hakuna aliyewahi kupewa shahada kwa kupima hakuna kitu. Akasema hiki changu ndicho kisahani kitupu kisafi kuliko vyote alivyoona. Grisi kidogo, namba hazitetemeki. Akasema inamuuma kwamba sikukusudia.

Akaamua. Mwezi mmoja zaidi wa majaribio. Napima visahani vitupu, basi. Vipande nisiviguse. Desimali akauliza kwa upole kama ninaruhusiwa kuviangalia. Akajibiwa ndiyo, kwa mbali.

Nimebaki! Nimebaki!

Nimemwambia Bibi nimepandishwa cheo, sasa ni Mkuu wa Visahani Vitupu. Akasema cheo hicho anacho yeye, tangu siku niliyohamia kwake na hili tumbo langu.

Jumatatu, 13 Mei

Asubuhi tulivu. Mama Profesa amekuja mwenyewe kunielekeza upya. Kisahani kimening'inia kwa nyaya nyembamba kuliko unywele, akasema. Ndiyo maana hewa inanyonywa polepole, kipande kiwepo kisiwepo. Akauliza nimeelewa? Ndiyo Profesa. Akauliza nimeelewa kweli? Nikaitikia kwa mkono kifuani.

Akaondoka. Nikakaa nikafikiri.

Kisahani kimoja kwa siku. Kwa mwendo huu mwezi utakwisha hakuna aliyenisikia. Na lile tatizo la wiki jana lilikuwa nini hasa? Kipande kiliruka. Kwa nini kiliruka? Kwa sababu kilikuwepo! Kisahani kitupu hakina cha kuruka. Kwa hiyo ukitaka kunyonya kwa nguvu, kitupu ndicho chenyewe. Nimejiuliza mara mbili, jibu ni lilelile. Nashangaa Profesa mzima hajaliona.

Mchana nimepita kwa Mjomba, nikaazima pampu yake kubwa ya majokofu ya bucha. Akauliza ya nini. Nikamwambia ya kitengo changu. Akasema kitengo kirudishe pampu ikiwa nzima.

Nimeiunga pembeni ya ile ya maabara. Pampu mbili! Desimali akasimama mlangoni, akauliza fundi, hilo dude Mama Profesa analijua? Nikamwambia atalijua kwa matunda yake.

Nimefungua koki zote mbili kwa pamoja. Ombwe, kufumba na kufumbua! Ndani kukasikika ti! Sauti ndogo, tamu, kama sindano iliyoanguka chumba cha pili. Kisha ti, ti, ti. Kisha kimya cha heshima.

Sasa mashine inaandika kwamba haioni kisahani.

Haikioni! Kisahani kitupu mpaka mashine nzima inashindwa kukiona! Sidhani kama kuna mtu amewahi kufika hapa. Desimali ameshika kichwa kwa mikono miwili. Naikimbilia ofisi ya Mama Profesa kabla hajatoka. Grafu nitachora njiani.